Daftari la Mama na Herufi Moja

"Mwalimu, daftari limekuwa jeupe."

Binti aliyeniambia hivyo ni wa darasa langu la Jumamosi la kuandika programu za kompyuta hapa Mwanza, na machozi yalikuwa karibu. Mama yake anauza dagaa Mwaloni, kule Kirumba. Wateja wake wengine huchukua mzigo leo wakalipa wiki ijayo, kwa hiyo mama ana daftari la madeni, lile kubwa lenye jalada gumu. Binti alikuwa ametumia jioni nne nzima kulihamishia kwenye kompyuta: jina, sado ngapi, shilingi ngapi, mstari kwa mstari, kwenye faili aliloliita madeni.txt. Alifikisha mistari 112. Akaandika programu fupi ya kuongeza deni jipya, akaijaribu kwa deni moja, na programu haikulalamika chochote. Alipolifungua faili akakuta mstari mmoja tu, lile deni jipya.

Nilivuta kiti nikakaa kando yake. Kosa nililijua kabla ya kuliona.

    daftari = open("madeni.txt", "w")

Ni ile w ya mwishoni. Ukilifungua faili kwa w, Python, lugha ya programu tunayoitumia, inalifuta kwanza mpaka linabaki na baiti sifuri (baiti ni kipande kidogo cha hifadhi ya kompyuta), yaani tupu kabisa, papo hapo, hata kama baadaye hutaandika neno lolote. Alichokihitaji ni a, inayofungua faili na kuongeza mwishoni bila kugusa yaliyotangulia.

"Lakini mwalimu, mimi si nilitaka kuandika? Na w si ndiyo ya kuandika?"

Alikuwa na haki. Katika lugha yetu mtu akisema anaandika kwenye daftari, hakuna anayeelewa kwamba anachana kwanza kurasa zote za nyuma. Mama yake anaandika kila siku, na madeni ya jana yapo palepale. Binti alisoma maelezo kwa makini, akalielewa neno, na neno likamponza. Tangu siku ile siwaambii tena wanafunzi kwamba w ni "andika". Nawaambia ni "futa yote uanze upya", na nawataka waseme hivyo kwa sauti kabla hawajaigusa. Ipo pia x, ambayo hutengeneza faili jipya na kukataa katakata kama lenye jina hilo tayari lipo. Wengi hawafundishwi x, na mimi naipenda sana kwa anayeanza, kwa sababu inajua kusema hapana.

Huu ni mwaka wangu wa sita wa kukaa na wanaoanza, na naweza kusema mahali wanapovunjika moyo kuliko pote ni kwenye mafaili. Mizunguko inawasumbua, orodha zinawasumbua, lakini makosa ya huko hufa programu inapofungwa. Unaendesha tena, kila kitu kinaanza upya kana kwamba hukukosea. Faili ni kitu cha kwanza ambacho programu yao inakigusa na kikabaki baada yake. Mara nyingi kitu hicho ni cha mtu mwingine: madeni ya mama, mahudhurio ya shule, michango ya kikundi. Vitabu vingi vya kuanzia hulitengea somo hili kurasa chache, mfano mmoja wa kusoma na mmoja wa kuandika, kisha vinasonga mbele. Mimi nalitengea Jumamosi tatu, na sioni kama ni nyingi.

Jumamosi ya kwanza hatuandiki kitu chochote kwenye faili. Tunatafuta tulipo.

Kosa linaloongoza ni FileNotFoundError. Mwanafunzi ana faili, analiona kwa macho yake, lipo pale kwenye folda, na kompyuta inasema halipo. Wengine huanza kubadilisha msimbo, yaani maandishi ya programu, ovyo, wengine huandika upya kila kitu. Mimi huwauliza: mtu akikwambia "nyumba ya tatu mkono wa kushoto", utafika? Itategemea umesimama wapi. Ukiandika "madeni.txt" peke yake umetoa maelekezo ya namna hiyo hiyo, na programu inayahesabu kutoka folda iliyosimama wakati huo. Mara nyingi si folda yenye programu yako. Ukitumia VS Code, chombo cha kuandikia programu, kwa kawaida programu husimama kwenye folda uliyoifungua, hata kama msimbo wako umejificha folda mbili ndani yake. Kwa hiyo kabla ya kubadilisha chochote, mstari wa kwanza ni huu:

    import os
    print(os.getcwd())

Hiyo inajibu "nimesimama wapi". Mstari wa pili, print(os.listdir()), unajibu "na hapa ninaona nini". Mara nyingi sana jibu la pili ndilo linalomaliza kesi, kwa sababu mwanafunzi anaona kwa mara ya kwanza kwamba faili lake linaitwa madeni.txt.txt. Windows kwa kawaida huficha viambishi vya mwisho vya majina, kwa hiyo yeye aliona "madeni", akaongeza .txt kwa mkono wake, na sasa liko nalo mara mbili bila yeye kujua. Nimeona kijana akihangaika saa nzima na hilo. Cha kwanza ninachofanya sasa kwenye kila kompyuta inayoingia darasani ni kwenda kwenye mipangilio na kuruhusu viambishi vionekane.

Halafu kuna mkasa wa mkwaju wa Windows, ule unaolalia nyuma (\), na hapa Kiswahili kina mtego wake. Ndani ya maandishi ya Python mkwaju huo ukifuatwa na herufi fulani hugeuka alama nyingine. Pamoja na t ni nafasi ya tabo. Pamoja na n ni mstari mpya. Pamoja na r ni kurudi mwanzo wa mstari, na pamoja na a ni kengele. Sasa angalia majina tunayozipa folda zetu: takwimu, nauli, risiti, ada. Mwanafunzi anaandika "D:\takwimu" na Python inasoma D, nukta mbili, nafasi pana, kisha "akwimu". Anaandika "D:\nauli" na njia inakatika katikati ikashuka chini. Mwenzake aliyeiita folda "mahesabu" njia yake inafunguka vizuri, kwa hiyo wote wawili wanadhani kompyuta ya mmoja ni mbovu. Dawa ni rahisi: tumia mkwaju wa mbele, "D:/takwimu", Python inauelewa hata kwenye Windows. Au tanguliza r kabla ya alama za kunukuu. Ila mtu apewe dawa baada ya kuona ugonjwa. Namwambia achapishe njia yake kwenye skrini aione ilivyovunjika, ndipo tunarekebisha.

Jumamosi ya pili ni ya kusoma, na inaanza na ng'ombe.

Kijana mmoja kutoka Magu alileta orodha ya mifugo ya ukoo wao. Aliiandika kwenye Word, akaihamishia kwenye faili la kawaida la maandishi, kisha akaandika programu ya kuhesabu mistari yenye neno ng'ombe. Programu ikajibu sifuri. Orodha ilikuwa na ng'ombe tele, unawaona kwa macho. Akaniita.

Nilimwomba achapishe mstari mmoja jinsi programu inavyouona. Badala ya ng'ombe tukasoma ngâ€™ombe. Darasa zima lilikuja kusimama nyuma yetu.

Kilichotokea ni hiki. Alama iliyo kwenye kibodi, ile iliyonyooka, ni namba 39 katika ASCII, orodha ya zamani ya namba za herufi, na inachukua baiti moja tu. Word hupenda kuipindisha iwe nzuri, na ile iliyopinda ni herufi nyingine kabisa, namba U+2019 katika Unicode, orodha ya herufi za lugha zote. Kwenye UTF-8, namna ya kuzigeuza namba hizo kuwa baiti, inahifadhiwa kwa baiti tatu: 226, 128, 153. Faili lake lilikuwa la UTF-8. Lakini kompyuta yake ya Windows, bila kuelekezwa, ilisoma kwa mfumo wa zamani ambao kila baiti ni herufi moja, na katika mfumo huo 226 ni â, 128 ni €, na 153 ni ™. Baiti ni zilezile, anayezisoma ndiye aliyetumia ufunguo usio wake.

Nilikuwa nasikia walimu wenzangu wakisema mambo ya UTF-8 ni ya Wachina na Waarabu, sisi Kiswahili chetu hakina vikorombwezo. Kina ng'. Na hapa Usukumani majina ya watu yanayoanza na Ng' ni mengi mno. Programu ya shule inayosoma vibaya orodha ya majina itamwandikia mtoto takataka kwenye cheti chake. Kwa hiyo darasani kwangu hakuna kufungua faili la maandishi bila kutaja encoding="utf-8", wakati wa kusoma na wakati wa kuandika, hata kama leo kila kitu kinaonekana sawa.

Na hata baada ya hapo kijana wa Magu alibaki na sifuri yake. Sasa ng’ombe alionekana vizuri, lakini programu ilikuwa inatafuta alama iliyonyooka na orodha ina iliyopinda. Kwa jicho ni ndugu, kwa kompyuta hazijuani. Tukabadilisha zote ziwe zilizonyooka kwanza, kisha tukahesabu. Alipata ng'ombe wake.

Wanafunzi hupenda nikiwasimulia UTF-8 ilikotoka. Ken Thompson na Rob Pike waliibuni mwezi Septemba 1992, jioni moja, wakiwa mgahawani New Jersey kule Marekani, kwenye karatasi inayowekwa chini ya sahani. Nafikiri wanaipenda hadithi hiyo kwa sababu nao wengi wao huandika programu zao za kwanza kwenye karatasi.

Chombo ninachokihimiza zaidi kuliko vyote siku hiyo ni repr. Ukichapisha mstari kwa print pekee, nafasi na alama za mstari mpya zinajificha. Ukichapisha print(repr(mstari)) unaona kila kitu kilichomo: \n iliyobaki mwishoni, nafasi mbili ambazo hukuzijua, au ile \ufeff ambayo Excel huitia mwanzoni kabisa mwa faili la CSV (jedwali la maandishi lenye safu zilizotenganishwa kwa mikato) ukichagua kuhifadhi kwa UTF-8. Hiyo ya mwisho imewatesa wengi. Safu ya kwanza inaitwa jina, unaiona, lakini programu inasema hakuna safu yenye jina hilo. Kuisoma kwa utf-8-sig kunaiondoa. Mtu akishazoea repr hanitafuti tena kwa mambo haya.

Kuna pia suala la kidole. Mtoto anayejifunza kusoma huweka kidole kwenye maneno na kukisogeza. Python hufanya hivyohivyo ndani ya faili. Ukisoma faili lote mara moja, kidole kiko mwisho. Ukisoma tena, unapata maandishi matupu, maana hakuna kilichobaki mbele ya kidole. Wanaoanza hudhani faili limefutika, na aliyewahi kuchomwa na w hushtuka kwelikweli. Halijafutika. Rudisha kidole mwanzo kwa seek(0), au hifadhi ulichosoma kwenye kigeu, yaani jina linaloshika thamani ndani ya programu, na utumie hicho.

Namba zinazotoka kwenye faili si namba, ni maandishi. "45000" ukijumlisha na "30000" unapata 4500030000, na mama akionyeshwa deni hilo atazimia. Tunageuza kwa int. Sasa sisi huandika bei kama 45,000/= na int inaikataa, kwa hiyo ondoa mkato na ile alama ya mwisho kwanza. Na namba za simu zisigeuzwe kamwe, ziachwe maandishi, la sivyo sifuri ya mwanzo inapotea. Excel pia huila sifuri hiyo ukifungua CSV na kuihifadhi.

Jumamosi ya tatu nawasimulia yangu.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa mweka hazina wa kamati ya harusi ya ndugu yangu. Nilijiandikia programu ya kutunza michango, na niliiamini. Kila mchango ulipoingia, programu ilisoma orodha yote, ikaongeza jina, kisha ikaandika orodha nzima upya kwenye faili lilelile. Kwa w. Ilifanya kazi wiki tano. Usiku mmoja, kwenye kompyuta ya mezani isiyo na betri, umeme ulikatika wakati wa kuandika. Ulipowaka, faili lilikuwepo, jina lake lilikuwepo, na ukubwa wake ulikuwa baiti sifuri.

Ukimwambia Python iandike, haiandiki kwenye diski saa hiyohiyo. Inakusanya maandishi kwenye kumbukumbu ya muda, kwa miaka mingi kiasi chake cha kawaida kilikuwa baiti 8192, na humwaga pale inapojaa au faili linapofungwa. Hata ikishamwaga, mfumo wa kompyuta wenyewe nao huweza kuyashikilia kidogo kabla ya kuyashusha kwenye diski. Kule kufuta kwa w kulikuwa kumeshapita. Yale ya kujaza yalikuwa bado hewani. Umeme ulikatika katikati ya hayo mawili.

Nilikaa siku mbili nikijenga orodha upya kutoka kwenye kundi la WhatsApp na jumbe za pesa za simu. Waliotoa taslimu mkononi nilitegemea kumbukumbu. Mzee mmoja, jirani wa siku nyingi, nilimsahau. Jina lake halikusomwa siku ya kamati, na alikuwa ameketi pale. Hakusema kitu. Nilikwenda kwake kesho yake, nikamwamkia, nikamweleza yote, akaniambia, "Mwanangu, mimi nilidhani mmeona ni kidogo."

Kila ninapofundisha sehemu hii ninaisikia sentensi ile. Kwa hiyo sikubali mwanafunzi wangu aandike juu ya faili la pekee alilonalo. Namna ya kufanya ni hii:

    with open("michango_mpya.txt", "w", encoding="utf-8") as f:
        f.write(orodha)
        f.flush()
        os.fsync(f.fileno())
    os.replace("michango_mpya.txt", "michango.txt")

Andika pembeni kwanza, kwenye faili jipya. Amuru yashuke kwenye diski. Yakishashuka, ndipo jipya lichukue nafasi ya la zamani kwa hatua moja. Umeme ukikatika kabla ya hatua ya mwisho, la zamani lipo zima. Na hiyo with, iliyoingia kwenye Python mwaka 2006, inahakikisha faili linafungwa hata kosa likitokea katikati. Mwanafunzi akiniuliza kama ni lazima, namjibu ndiyo, sawa na kufunga mlango unapotoka.

Kuhusu namna ya kumsaidia mtu aliyekwama, nina sharti moja kwangu mwenyewe: sishiki kibodi yake. Nikiishika nitamaliza kwa sekunde kumi na yeye atabaki pale pale alipokuwa. Namwomba asome ujumbe wa kosa kwa sauti, kisha aniambie kwa Kiswahili unasema nini. Ujumbe uko kwa Kiingereza na wengi huuruka kama tangazo. Wakishautafsiri, nusu yao hugundua kosa kabla sijafungua mdomo. Na kabla ya kujaribu chochote, tunanakili faili, nakala tunaiita ya_kuharibu.txt, na majaribio yote yanafanyika humo. Jina hilo huwatuliza. Mtu aliyeruhusiwa kuharibu hujifunza haraka.

Yule binti wa Mwaloni alikuwa na bahati kwamba daftari la karatasi lilikuwepo. Jumamosi ileile wenzake wawili walibaki naye. Mmoja alisoma majina, mwingine alihakiki kiasi, yeye akaandika, na mistari 112 ilirudi kabla ya magharibi. Nilimwambia asimruhusu mama aache karatasi mpaka yeye mwenyewe atakapoweza kunieleza nakala ziko wapi, ngapi, na lini alijaribu kuifungua mojawapo. Mama bado anaandika kwenye karatasi.

Wiki iliyopita binti alikuja na swali jipya. Kaka yake naye ameanza kuingiza madeni, kutoka kompyuta nyingine, kwenye folda wanayoshirikiana. Siku chache kabla ya hapo wote wawili walifungua faili kwa wakati mmoja, na madeni matatu ya kaka yakapotea. Safari hii hakulia. Alikuwa amechora kwenye karatasi: yeye amesoma, kaka amesoma, kaka ameandika, yeye ameandika juu yake. Mishale yote ilikuwa sahihi. Akaniuliza kama kuna mahali pa kuhifadhi ambapo pana mtu wa kusema "subiri mwenzako amalize".

Nikamwambia papo, panaitwa SQLite, ghala la kuhifadhi data, pamo kwenye kila simu ya Android na iPhone, na Python inakuja napo tayari. Lakini napo hapapendi kuwekwa kwenye folda ya kushirikiana kati ya kompyuta mbili, kwa hiyo kwanza tutazungumza daftari lao likae kwenye kompyuta ya nani. Amesema atamuuliza mama.